Kila Kitu Kina Kwao

Maneno yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya chama chetu, Dar es Salaam



Ratiba inasema Kamati ya Fedha itasoma taarifa. Taarifa ya mapato na matumizi mmeshagawiwa, imekaguliwa, na maswali yake tutayajibu baada ya chakula. Dakika hizi Mwenyekiti ametupa kwa jambo jingine, ambalo nalo ni la hesabu, ingawa halianzi na shilingi.

Mtakumbuka mkutano uliopita. Tulipofika kwenye ajenda ya kuwasaidia watoto wanaomaliza kidato cha nne kule nyumbani, likazuka swali: tunamsaidia mtoto wa nani? Wapo waliosema tuanze na watoto wa wenyeji. Mwenzetu mmoja akauliza, mwenyeji ni nani? Ukumbi ukanyamaza kidogo, halafu kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Ajenda ikaahirishwa, na mpaka leo kwenye daftari la mihutasari imeandikwa "itaendelea". Sisi wa Kamati ya Fedha neno hilo linatunyima usingizi, kwa sababu fedha zimekaa zinasubiri jibu, na watoto wamekaa wanasubiri fedha.

Wahasibu tuna daftari moja ambalo watu wengi hawalijui. Ni daftari la mali za kudumu. Kila kitu cha ofisi kitakachodumu zaidi ya mwaka, kuanzia meza mpaka gari, huandikwa humo, na kila kimoja huulizwa maswali yale yale sita: ni kitu gani, kilitoka wapi, kilifika lini, kilipatikanaje, nani anakitunza, na je, bado kinafanya kazi? Mkaguzi akija hataki hadithi, anataka majibu ya hayo sita.

Likizo ya Desemba tulirudi nyumbani na maswali hayo. Tulipita kwa ndugu, kwa majirani, na kwa wazee waliotufundisha kusoma, tukaomba jambo moja tu: tuonyesheni kitu cha zamani mlicho nacho ndani, mtueleze kilifikaje hapa. Kabila la mtu hatukuliuliza, wala mwaka aliohamia. Tukagundua kwamba mtu akiulizwa "wewe umetoka wapi" hujihami, lakini akiulizwa "hili sanduku limetoka wapi" hukuvutia kiti ukae.

Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtumbwi na dungu

Tuanze na wanaoitwa wa kwanza. Bonde la Kilombero ni la Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena, na huko juu milimani wapo Wahehe. Kitu cha Mndamba ni mtumbwi, gogo moja lililochongwa. Mtumbwi ulibeba kambale na perege waliokaushwa, ulibeba mpunga, ulibeba wagonjwa na mabibi harusi. Kama kuna kitu ambacho ni mwenyeji wa bonde lile, basi ni huo.

Lakini mwenyeji huyu naye hakutulia mahali pamoja. Masika yakikolea, mto hutoka kwenye kingo zake na mbuga yote huwa maji. Familia nyingi za bondeni zina makao mawili: nyumba ya kijijini, na dungu la shambani. Wazee hamhitaji kuelezwa, lakini watoto wa mjini wasikie: dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo watu hukaa wiki na miezi wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Kila msimu chungu, mkeka, kuku na watoto wadogo huhamia dungu, na baada ya mavuno hurudi. Kwetu kuhama si jambo la aibu wala la ajabu. Ni sehemu ya kalenda.

Na hao wenyeji wenyewe wana safari zao. Wambunga walipanda kutoka kusini katika karne ya 19, nyakati za vita vya Wangoni. Wabena wa bondeni walishuka kutoka nyanda za juu katika karne hiyo hiyo. Habari zao zimo katika kitabu cha mwaka 1935 kiitwacho Ubena of the Rivers, kilichoandikwa na afisa wa kikoloni A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick, chenye sura moja ya Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Leo tunawaita wenyeji, na ni haki yao. Lakini walipokuwa wakifika, walikuwapo watu waliosimama ukingoni wakiwatazama wageni wanakuja.

Mpunga nao ni hivyo hivyo. Muulize mkulima wa kwetu majina ya mbegu alizowahi kupanda, atakutajia Supa India, Zambia, Shingo ya Mwali. Mbili kati ya hizo tatu zimebeba jina la nchi nyingine. Leo hapa sokoni mtu hukubali kuongeza bei akiambiwa huu ni mchele wa Ifakara, na hatujasikia mnunuzi aliyeudai mchele cheti cha kuzaliwa.

Panga na sanduku la bati

Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianza kusaga miwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale Msolwa. Katika miaka hiyo hiyo reli kutoka Kilosa ilishushwa kupitia Mikumi mpaka Kidatu. Kiwanda cha pili, cha Ruembe, upande wa pili wa Mto Ruaha Mkuu, kilianza mwaka 1976. Ndizo K1 na K2 zetu. Wengi wetu tulijua kusoma herufi hizo mbili kabla ya alfabeti yote.

Miwa haijikati. Wakataji walitoka Iringa, Mbeya, Songea na kwingineko. Wengine walikuwa wameshapita kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Kilosa, na huko ndiko lilikotoka neno "manamba": mtu aliyeitwa kwa namba, si kwa jina la baba yake. Enzi za ukoloni kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyofanya kazi iliwekwa alama. Ambayo hakufanya haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja mpaka siku zote 30 zijae, hata kama ingechukua zaidi ya mwezi. Kwa babu wengi wa nchi hii, hiyo ndiyo hati ya kwanza ya hesabu iliyowahi kuandikwa juu yao. Sisi tunaoishi kwa kuandika hesabu za watu tunapaswa kulikumbuka hilo.

Mzee mmoja alitutolea sanduku la bati la rangi ya bluu iliyokwanguka, kufuli lake limepotea siku nyingi. Ndani yake mlikuwa na panga la miwa ambalo bapa lake limeliwa na tupa mpaka limebaki nusu. Tulimuuliza yale maswali sita. Sanduku alilinunua Songea, kwa fedha za tumbaku ya baba yake. Alikuja kukata msimu mmoja, anunue baiskeli, arudi. Kila asubuhi aliingia kwenye miwa iliyochomwa usiku, jioni alitoka mweusi kwa masizi. Msimu ulipofungwa, jirani mmoja Mmbunga akamwonyesha sehemu ya kulima mpunga wakati akisubiri msimu mwingine. Huyo jirani baadaye alikuwa mkwe wake. Watoto wao sita wamesoma shule zetu, na wawili wamo humu ukumbini.

Tukamuuliza swali la sita, je, panga bado linafanya kazi? Akajibu: "Hilo limeshamaliza kazi yake. Kazi yake ni ninyi."

Basi tuwaulize, ndugu wanachama. Tunaomba anyooshe mkono yule ambaye babu zake wawili na bibi zake wawili, wote wanne, walizaliwa kati ya Mto Ruaha na Ifakara. Tunaiona mikono. Ipo, na tunaiheshimu. Lakini kwa kuhesabu kwa macho tu, tukifuata kanuni hiyo, ukumbi huu utabaki na viti vingi vitupu, na mfuko wetu utabaki na michango michache.

Chupa ya chai

Kitu kinachofuata wengi mnacho, au mama zenu wanacho, juu ya kabati la vyombo chini ya kitambaa cha kufuma: chupa ya chai ya Mchina, yenye maua makubwa mekundu. Wengine wana beseni au sahani za bati zenye maua ya namna hiyo. Wengine baiskeli ya Phoenix. Mara nyingi tunaviona kama mapambo ya ujana wa wazazi wetu. Kwa mhasibu ni zaidi ya hapo.

Makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA yalitiwa saini Beijing Septemba 1967 kati ya China, Tanzania na Zambia. Mkopo ulikuwa yuani milioni 988, usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa. Mang'ula ilikuwa moja ya kambi kuu za kazi. Sasa tujiulize swali la mhasibu: kijana wa Kitanzania aliyechimba tuta pale Mang'ula alilipwa nini? Yuani haziwezi kununua unga gengeni. Alihitaji shilingi, na China haikuwa na shilingi.

Njia iliyotumika ni hii. China iliipa Tanzania bidhaa kwa mkopo: nguo, vyombo, zana, baiskeli. Bidhaa zikauzwa madukani kwa wananchi. Shilingi zilizopatikana ndizo zilizolipa gharama za ndani za ujenzi, pamoja na mishahara. Kwa hiyo mama aliyenunua chupa ya chai alikuwa akichangia reli bila kuandikwa kwenye orodha ya wachangiaji. Shilingi yake ilitoka dukani, ikaingia hazina, ikashuka mpaka kambini, ikamlipa kijana aliyetoka Mbeya, na yule kijana akaja kununua maandazi kwa mama yule yule. Harambee hatukuianza leo.

Reli ilileta watu, na vijiji navyo vikasogezwa kwake. Katika miaka ya 1970, wakati wa kuunda vijiji vya ujamaa, bondeni kulikuwa na operesheni iliyoitwa Kando Kando ya Reli. Familia zilihamishwa kutoka makao ya zamani zikapangwa jirani na njia ya treni. Wengine walihama kwa hiari, wengine hawakuulizwa. Mtu anayesema leo "kijiji chetu cha asili" pengine anataja mahali ambapo baba yake alishushiwa mizigo akiwa na miaka kumi.

Tena Kidatu ndipo reli mbili zinapokutana zisiweze kuungana. Ile ya kutoka Kilosa upana wake ni milimita 1,000, na ya TAZARA ni milimita 1,067. Kwa tofauti ya milimita 67, mzigo wote unaotoka huku kwenda kule lazima ushushwe upakiwe upya. Ipo kazi inayoishi ndani ya tofauti hiyo ndogo, na zipo familia zilizokula kwa kazi hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu reli, kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Mwanahistoria wa Marekani, Jamie Monson, alichapisha mwaka 2009 kitabu juu ya TAZARA na maisha ya watu wanaoizunguka. Pamoja na kuwasikiliza wazee, alichambua stakabadhi za vifurushi zilizoandikwa stesheni: nani kasafirisha nini, kutoka wapi kwenda wapi. Katika karatasi hizo ambazo karani mwingine angezichoma, mtu anaweza kuona mpunga, ndizi na mitumba ikipanda na kushuka kwa treni fupi ambayo watu wetu waliiita Kipisi. Mgeni alikuja akazithamini stakabadhi zetu. Sisi wenye stakabadhi tumeziweka wapi?

Koroboi

Mwaka 1975 mitambo miwili ya kwanza ya umeme ya Kidatu iliwashwa. Mwaka 1980 ikaongezwa miwili, jumla ikawa megawati 204. Mpaka Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, hakukuwa na kituo cha umeme wa maji kikubwa zaidi yake nchini. Na hata bwawa hilo jipya linayapokea maji ya Ruaha na Kilombero, kwa kuwa mito yote miwili humwaga Rufiji.

Lakini kitu tulichoonyeshwa katika nyumba tatu tofauti kilikuwa koroboi: kopo la bati, utambi wa pamba, na tundu la kuingizia mafuta ya taa. Nyaya kubwa zilipita juu ya mashamba yetu kuja Dar es Salaam, na chini yake mtoto alisoma kwa koroboi huku pua zikijaa moshi. Hatuyasemi haya ili kumlaumu mtu. Nyumba nyingi zimeshawashiwa umeme, na kazi inaendelea. Tunayasema kwa sababu koroboi nayo ni habari ya kuhama. Umeme ulitangulia kuja mjini, na vijana wakaufuata. Wengi wetu humu tuliona nyaya zile zikielekea mashariki, na siku moja tukapanda basi tukaenda zinakoelekea.

Chandarua

Mama mmoja alitutolea chandarua kilichokunjwa vizuri na chenye viraka, akakiita kwa jina la "Zuia Mbu". Wenye umri wetu mnalikumbuka jina hilo. Nalo lina njia lililopitia. Mwaka 1957 Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi ilifungua maabara ndogo Ifakara, na ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Katika miaka ya 1990 watafiti wa huko waliendesha mradi wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vikiuzwa kwa jina hilo la Zuia Mbu. Yaliyopatikana bondeni kwetu yalisaidia kuonyesha kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa maisha ya watoto wadogo, na nchi nyingine zikafuata.

Hapa mgeni alikuwa Mswisi, lakini damu iliyopimwa ilikuwa ya watoto wa Idete na Ifakara, na waliotembea na madaftari nyumba kwa nyumba walikuwa vijana wetu. Chandarua kimoja kimewakutanisha wote hao. Ukiuliza ni cha nani, jibu lake si fupi.

Plau

Kitu cha mwisho ndicho kigumu, na tusingekuwa wakweli tungekiruka. Ni plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Tuliliona kwa familia ya Kisukuma.

Katika miongo ya karibuni wafugaji, Wasukuma wakiwa wengi, wamekuja bondeni na mifugo yao. Walikuja na plau pia, na wapo wakulima wa jembe la mkono waliolikodi wakalima eka ambazo wasingezilima. Lakini ng'ombe waliingia pia kwenye mpunga wa watu. Kuna waliopigana, na kuna waliozika. Mbuga ya Kilombero iliandikwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Kila mtu wa kwetu ana habari ya operesheni ile, na habari hizo hazifanani.

Ndani ya kamati tulibishana kama plau liandikwe. Tukaamua liandikwe. Sababu yetu ni ya kihasibu: daftari la mali haliachi kitu kwa kuwa kilileta ugomvi. Kuandika kwamba kitu kipo na kilifikaje si kusema kwamba kila kilichotendeka kilikuwa haki. Mtoto wa nyumba ile anasoma darasa moja na mtoto wa yule mwenye mtumbwi. Tukiwatenganisha kwenye orodha ya msaada, tutakuwa tumeandika kwa kalamu ugomvi ambao wazee wao wanajaribu kuumaliza kwa mazungumzo.

Kinachopotea sasa hivi

Ndugu wanachama, hivi vitu vinaondoka. Mwaka 2018 Daraja la Magufuli lilipofunguliwa pale Mto Kilombero, tulishukuru, hasa tukikumbuka kivuko kilichozama Januari 2016. Lami sasa inakwenda Ifakara. Maendeleo haya tuliyaomba sisi wenyewe. Lakini pamoja na lami wamekuja vijana wa skrepa na mizani zao. Panga, pasi ya mkaa, sanduku la bati, sufuria ya kambini, vyote hupimwa kwa kilo, na kilo ya panga la mzee ni sawa na kilo ya bati bovu. Wahasibu nasi tuna lawama hapo: kwa kanuni ya uchakavu, kila kitu tulichokitaja leo thamani yake vitabuni ni sifuri. Mnunuzi wa skrepa amekubaliana na vitabu.

Na wazee wanaojua majibu ya yale maswali sita nao wanaondoka. Kitu kikibaki bila mwenye kukieleza, kinabaki chuma tu.

Tunachoomba

Kamati ya Fedha inaleta mapendekezo mawili.

La kwanza ni chumba kimoja katika maktaba ya sekondari, chenye makabati ya vioo yenye kufuli, na daftari kubwa la vitu vya nyumbani. Wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu watapewa likizo zao wakaulize maswali sita kwa bibi na babu zao, waandike majibu, wapige picha. Mwenye kitu asiyetaka kukitoa abaki nacho. Picha na maelezo vinatosha. Anayekitoa apewe stakabadhi, kitu kibaki na jina lake, na siku akikitaka akichukue. Gharama zote zimo katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, pamoja na namba ya akaunti ya chama. Fundi wa makabati ni wa nyumbani, mbao zitanunuliwa nyumbani.

La pili halina gharama. Tunaomba ile ajenda iliyoandikwa "itaendelea" ifungwe leo. Tunapendekeza maneno haya yaingie kwenye katiba ya chama: mtoto wa Kidatu ni mtoto anayeishi na kusoma kwetu. Basi. Tusimuulize babu yake alishuka na mtumbwi, na sanduku la bati, au nyuma ya ng'ombe.

Wapo watakaosema tunawanyang'anya wenyeji. Hapana. Ndani ya daftari letu ukurasa wa kwanza ni mtumbwi, na utabaki wa kwanza. Mwenyeji haheshimiwi kwa kumfukuza mgeni. Anaheshimiwa kwa kuandikwa kwamba yeye ndiye aliyempokea. Yule Mmbunga aliyemwonyesha mkata miwa mahali pa kulima hakupoteza shamba. Alipata wajukuu.

Tumalizie na hesabu. Kidatu inatuma umeme Dar es Salaam. Inatuma sukari. Bonde linatuma mchele. Na limetutuma sisi, tuliosomeshwa kwa miwa, mpunga na samaki, ambao leo tunalipwa mshahara mjini na kulipa kodi mjini. Hizo ndizo zilizotoka. Upande wa pili wa daftari, wa zilizorudi, kuna mabati ya ndugu, ada za wadogo zetu, na pole za misiba. Si haba, lakini mizania bado haijakaa sawa, na kila mmoja wetu anajua safu yake ina nini.

Wazee walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawakusema kwao ni lazima pawe mahali pamoja. Vitu tulivyoviona vina kwao kuwili: kulikotoka, na kulikofanya kazi. Sisi nasi ni hivyo.

Fomu za ahadi ziko kwa vijana waliovaa kitambulisho cha chama, na ziko pia katikati ya kijitabu. Andika kiasi, andika tarehe, weka saini. Na kabla hujarudi nyumbani leo, mpigie simu mama au shangazi, umwambie ile chupa ya chai asimpe mtu.